Mahafali ya Chuo Marehemu

Hapo zamani, si ile zamani ya wanyama kuongea, ni hii zamani ya juzi, watu walipokuwa na digrii mbili na kiatu kimoja, palikuwa na chuo cha serikali mahali paitwapo Bulto. Sogeeni karibu. Hii si hadithi ya kulalia, ni ya kubishania, na nikiimaliza msiniulize jibu. Ningekuwa na majibu ningekuwa na kazi.

Chuo chenyewe kilikuwa cha mifugo. Madarasa ya mawe, bweni la mabati, friji ya chanjo iliyonguruma kama lori, na josho. Josho ndilo lililokuwa chuo hasa. Wafugaji wa nchi hiyo hushusha ng'ombe mtoni wakati wa kiangazi, na mvua ikishanyesha bara, hurudi nao. Kabla ya kuendelea malishoni hupitia Bulto kuogesha mifugo, kwa sababu mtoni kupe ni wengi kuliko samaki.

Siku hizo za josho ndizo zilizokuwa siku za mahafali. Hakukuwa na tarehe kwenye kalenda. Mzazi gani ataacha ng'ombe njiani aje kukaa chini ya hema asikilize hotuba? Kwa hiyo Mkuu wa Chuo alikuwa akisimama langoni, anatazama vumbi upande wa mtoni, na akiliona linapanda anasema, “Pigeni pasi majoho. Wazazi wanakuja.”

Na cheti peke yake hakikutosha kumfanya mtu mhitimu. Ukishakipokea, unashuka jukwaani na joho lako, unaletewa ng'ombe wa jirani, si wa kwenu, wa jirani, unamchanja umati ukitazama. Mkono ukitetemeka, utachekwa mpaka ustaafu. Sijui chuo kingine chenye mtihani mkali kama huo. Kule nilikosoma mimi, ulihitaji tu kukariri.

Sasa, katika nchi hiyo uliingia ugonjwa, na haukuwa wa ng'ombe. Kila mbunge alitaka chuo kikuu. Mmoja amegeuza chuo cha ualimu kuwa chuo kikuu, mwingine amegeuza cha ushonaji, wa tatu anatafuta cha kugeuza hata kama ni duka la mitumba. Wanaotoka humo wanaenda wapi? Hilo halikuulizwa. Walienda kutarmac, kuzunguka wakitafuta kazi, bahasha kwapani, soli zikiisha.

Mheshimiwa Shora, mbunge wa Bulto, naye akaona asipitwe. “Watu wangu wamechoka na diploma ya kupe,” alisema kwenye mkutano. “Nitawaletea university.” Watu wakapiga makofi. Ukitaja university watu lazima wapige makofi, ni kama kugongwa goti na daktari, mguu unaruka wenyewe.

Lakini chuo cha serikali hakigeuki kuwa chuo kikuu kwa makofi. Kinageuka kwa sheria. Mheshimiwa akaenda mji mkuu kwa Wakili Mwikali, mwanamke aliyeajiriwa kuwaandikia wabunge miswada, mtu wa nukta na mkato, anayekunywa chai ya rangi na hasemi neno asilolimaanisha. Akamwandikia mswada mzuri. Kifungu kimoja kilisema chuo cha zamani kinakoma, na mali yake, walimu wake na wanafunzi wake wanaingia chuo kikuu. Kifungu kingine kilisema chuo kikuu kinaanza. Siku ileile, saa ileile, kama wakimbiaji wanaopokezana kijiti.

Mheshimiwa akasoma, akakunja uso.

“Wakili, hapa umeninyima sherehe. Rais akitia saini huko kwake, chuo kikuu kinaanza hapohapo, mimi niko wapi? Nataka Waziri aje Bulto, apande jukwaani, atamke yeye mwenyewe kwamba sasa kimeanza. Andika hivyo. Kianze siku Waziri atakapotangaza.”

“Sawa. Na cha zamani kikome lini?”

“Hicho kikome Rais akitia saini. Nataka niwaambie watu kwamba nimeshaua diploma ya kupe.”

“Mheshimiwa, listen. Hapo katikati kutakuwa na pengo. Kutakuwa na siku ambazo cha zamani kimekufa na kipya hakijazaliwa.”

“Pengo la siku ngapi hizo? Litamuuma nani?”

“Sijui litamuuma nani. Ndiyo maana nakuonya.”

“Nimeonywa. Andika.”

Akaandika.

Mswada ukapita Bungeni wabunge wakiwa wanatazama simu. Rais akatia saini. Na Waziri? Waziri alikuwa safarini, ng'ambo, kwenye kongamano la elimu.

Hebu tusimame hapa kidogo, maana jambo hili linanishangaza mpaka leo. Chuo kimekufa kisheria, lakini kengele inagongwa na watu wanaingia darasani. Mpishi anapika ugali wa nani? Mlinzi anafunga lango la nani? Friji inanguruma, chanjo iko ndani, na mwenyewe hayupo. Ng'ombe wa chuo walikamuliwa kila siku kama kawaida, na hata mmoja hakuuliza maziwa yanaenda kwa taasisi gani. Nimewahi kusikia nyumba bila mwenyewe, na mtoto bila baba. Chuo kizima bila kuwepo, na bado kinanuka dawa ya kupe, hicho sijawahi.

Na katika siku hizohizo, vumbi likapanda upande wa mtoni.

Mkuu wa Chuo alikuwa Mwalimu Komora, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, aliyefundisha Bulto tangu josho likiwa shimo tu. Aliliona vumbi. Kabla hajataja pasi, simu ikalia. Wakili Mwikali.

“Mwalimu, nimesikia mna mahafali. Usitoe cheti. Kwa sasa wewe si mkuu wa kitu chochote. Chuo hakipo. Subirini Waziri atangaze, kisha mtoe kwa jina la chuo kikuu.”

“Waziri anarudi lini?”

“Hajasema.”

“Na wazazi niwaambie nini? Ng'ombe hawasubiri Waziri. Wakishaogeshwa wanaondoka, na hawarudi mpaka mwakani.”

“Nimekwambia sheria ilivyo, Mwalimu. Mengine siyajui.”

Mwalimu Komora akakata simu, akamwita ofisini kiranja wa darasa la mwisho, msichana aitwaye Halako Barisa. Mitihani yote alikuwa ameipita, na akimshika ng'ombe, ng'ombe anatulia. Mwalimu akamweleza. Akamwambia, “Nenda kawaulize wenzako. Wakitaka kungoja chuo kikuu, tungoje. Wakitaka leo, nitawapa leo. Lakini waamue wakijua.”

Halako akatoka. Baada ya muda akarudi.

“Mwalimu, tumepiga kura. Wote wamesema leo.”

“Wote?”

“Wote.”

Basi mahafali yakafanyika. Yalikuwa mazuri ajabu. Majoho yalipigwa pasi, ng'ombe walipigwa sindano, akina mama walipiga vigelegele. Halako alichanja fahali wa jirani asiyependa watu, na yule fahali alisimama tuli kama anayesikiliza taarifa ya habari. Wiki hiyohiyo ilikuwa inafungwa nafasi moja ya afisa wa mifugo wa Bulto, ambayo serikali ilikwisha kuitangaza. Moja, kwa watu wote wale. Halako akaipata. Wenzake wakatawanyika vijijini na sindano zao, wakawa wanalipwa na wafugaji wenyewe.

Waziri akaja baadaye, akapanda jukwaani, akatangaza. Mheshimiwa akalia machozi ya kamera. Chuo kikuu kikaanza, kikaletewa Naibu Chansela kutoka mbali, Profesa Nyangweso, mtu mpole mwenye mkoba mzito.

Siku ya kwanza ya kazi yake, Profesa akafanya jambo ambalo wakubwa hawalifanyi. Akasoma sheria yote.

Akakuta kwamba vyeti vyote vilivyotolewa chuo kikiwa hai vimerithiwa na chuo kikuu. Vilivyotolewa chuo kikuu kikiwa hai ni vyake. Lakini vya darasa la Halako havikuwa na mzazi. Vimetolewa na marehemu. Akaripoti, kama kazi ilivyomtaka, na serikali, ambayo ukiiomba dawa inachelewa, kwa kufukuza haikuchelewa. Halako akasimamishwa kazi, aambiwe mwisho wa mwezi kama anarudi au nafasi inatangazwa upya. Wenzake wakakatazwa kushika sindano.

Na mwezi huohuo homa ya mapafu ikaingia kwa mbuzi. Kila kijiji mbuzi wanakohoa, chanjo iko kwenye friji, na vijana waliobaki vijijini wanaojua kuichoma wamekaa chini ya ukuta wanacheza bao.

Sasa sikilizeni vizuri, maana fundo liko hapa. Sheria ilikuwa na kifungu cha mwisho, Wakili alikichomeka mwenyewe, cha kuponya makosa ya mpito. Kilisema hivi: Baraza la chuo kikuu linaweza kuvihalalisha vyeti, ikiwa mtu mmoja aliyesababisha kasoro atasimama mbele yake akiri. Atakayekiri hatashika tena kazi ya umma maisha yake yote. Akikiri mmoja, jambo limefungwa. Wakikiri wawili, kila mtu na maelezo yake, ni mgogoro, unaenda mahakamani, na huko vyeti vitazeeka kuliko wenye vyeti.

Profesa akaitisha Baraza siku ya mwisho wa mwezi. Ukumbi ukajaa. Mbele walikaa Mheshimiwa Shora, Mwalimu Komora na Wakili Mwikali. Halako na wenzake pembeni. Nyuma, wazazi, na mama yake Halako, Bi Hawo, aliyekuja na mbuzi wawili akawafunga dirishani.

“Nani atakiri?” akauliza Profesa.

Wote wakatazama paa.

Mheshimiwa akaanza, mtu aliyezoea kipaza sauti. “Kosa lipo, sikatai. Mimi ni muungwana. Lakini nikilibeba mimi, kiti kinaenda. Kiti kikienda, bomba la maji linaenda, kwa sababu liko mezani kwa kamati yangu. Maji ya chuo kikuu hiki na ya mji wote. Sasa mniambie, mtakunywa kukiri kwangu?”

“Tumekunywa ahadi zako miaka yote hii, Mheshimiwa,” akasema Bi Hawo kutoka nyuma, “na bado tuna kiu.”

“Mama, safari hii bomba ni la kweli.”

Na kusema ukweli, mabomba yalikuwa yameshafika. Yalikuwa yamelazwa kando ya barabara, meusi, mapya. Hilo ndilo lililowanyamazisha watu.

Wakili Mwikali akasimama. “Kosa lipo, sikatai. Mkono ulioandika ni wangu. But let us be honest. Huyu nilimwonya kabla, yule nilimpigia simu baadaye. Katika chumba hiki mimi peke yangu ndiye niliyesema ukweli kwa wakati wake. Sasa mnataka mimi ndiye niitwe mkosaji? Kesho nani atawaonya?”

“Ulionya kisha ukaandika,” akasema Mwalimu Komora.

“Niliagizwa.”

“Kwa nini hukukataa?” Profesa akamuuliza, na alikuwa anataka kujua kwa kweli, si kumchoma.

“Profesa, wewe umewahi kukataa kazi katika nchi hii?”

Pembeni, wale wahitimu wakacheka kicheko kile cha watu wasiokuwa na kazi ya kukataa. Profesa akaweka miwani sawa.

Mwalimu Komora akasimama polepole. “Kosa lipo, sikatai. Nilipigiwa simu, nikasikia, nikaelewa. Lakini hawa watoto walipita mitihani chuo kikiwa hai. Niliwapa nini kisichokuwa chao? Na sikuwalazimisha, niliwauliza. Walipiga kura, wote wakasema leo. Nikikiri, nitaondoka hapa kama mwizi, mwezi mmoja kabla ya kustaafu, kwa kosa la kuwapa watu jasho lao. Mniambie kama hiyo ni haki.”

Dirishani mbuzi mmoja akakohoa.

“Hatukupiga kura,” akasema Halako, akisimama.

Mwalimu akageuka. “Unasemaje?”

“Sikuwauliza, Mwalimu. Nilitoka ofisini kwako nikasimama nyuma ya josho, nikarudi.”

“Uliniambia mmepiga kura.”

“Nilipiga mimi.”

Wenzake wakaanza kunong'ona. Kijana mmoja, Jilo, aliyekuwa akikaa dawati moja naye, akasimama. “Halako, ulinipigia kura?”

“Ungesema nini, Jilo?”

“Ningesema leo.”

“Sasa?”

“Ningesema mimi. Kwa mdomo wangu.”

Halako akainamisha kichwa, akakiinua tena. “Nafasi ya afisa wa mifugo ilikuwa inafungwa wiki ile. Nafasi moja. Mmesoma tangazo, nyote mnajua. Kama tungegawanyika, mahafali yangevunjika, na mimi ningekaa nyumbani nangoja vumbi la mwaka mwingine. Niliitaka kazi ile kuliko nilivyotaka ninyi mjue. Ndivyo ilivyokuwa.” Akamgeukia Profesa. “Basi kosa liandikwe langu. Wenzangu wapate vyeti leo, wakachanje. Mimi niachwe.”

Mheshimiwa akawa wa kwanza kusema. “Huyu ndiye kiongozi tunayemtaka. Young, courageous. Naunga mkono.”

“Keti, Mheshimiwa,” akasema Bi Hawo.

“Nimekaa, Mama.”

“Basi keti zaidi.”

Kisha Bi Hawo akaja mbele mpaka kwenye meza ya Profesa. Hakuwa na hasira, alikuwa na swali. “Baba, mimi sikusoma, nielezee. Mwanangu amedanganya, nimesikia kwa masikio yangu, na tutaongea naye nyumbani. Lakini kama huyu mheshimiwa hangetaka jukwaa, kungekuwa na uongo wa kusema?”

“Hapana, Mama. Hakungekuwa.”

“Na kama huyu wakili hangeandika?”

“Hapana.”

“Na kama mwalimu hangetoa?”

“Hapana pia.”

“Na kama binti yangu angewauliza wenzake?”

Profesa akafikiri. “Huenda wangesema leo vilevile. Huenda wangengoja. Hatutajua.”

“Aa,” akasema Bi Hawo. “Kwa hiyo wa kwangu ndiye peke yake ambaye hatujui kama alisababisha kitu, na ndiye peke yake anayekubali.” Akarudi kukaa.

Wakili akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya leso, akaivaa tena.

Mwalimu Komora alikuwa bado amesimama. “Profesa, futa niliyosema. Niandike mimi. Nilimtuma mtoto akafanye kazi iliyokuwa yangu. Ningeenda mwenyewe darasani, ni hatua chache tu.”

“Mmoja tu, Mwalimu,” akasema Wakili. “Mkikiri wawili tunaenda mahakamani.”

“Basi huyu akae.”

“Kaa wewe, Mwalimu,” akasema Halako.

“Halako, nimekwambia ukae.”

“Kwa heshima zote, Mwalimu, chuo kile kimekufa. Huwezi kuniamrisha.”

Watu wakacheka, na yeye mwenyewe nusura acheke, lakini hakukaa. Wala Mwalimu hakukaa. Wakabaki wima hivyo, mwalimu na mwanafunzi, kila mmoja akimngoja mwenzake achoke akae.

Profesa akawaambia, “Nitaandika jina moja tu, la yeyote kati yenu wanne. Aliyekaa simnyanyui kwa nguvu, lakini nikimwandika, Baraza litamtaka asimame akiri, na akikataa mbele ya watu wote hawa, hilo atalijibu yeye. Aliyesimama nisiyemwandika, atakaa na kunyamaza, ili wasiwe wawili.” Nje, gari la wizara lilikuwa linanguruma, dereva ameshashika usukani, anangoja karatasi kabla ofisi hazijafungwa.

Akashika kalamu. Akatazama wawili waliosimama. Akatazama wawili waliokaa.

Akimwandika Shora, aliyelichimba pengo kwa mikono yake, mji unaweza kubaki na mabomba yasiyo na maji, na mtu asiyekiri. Akimwandika Mwikali, atamwadhibu aliyeonya. Lakini ni nani alimwambia kwamba kuonya kunatosha kama kalamu iko mkononi mwako? Akimwandika Komora, mtu mwema kuliko wote pale ataondoka kama mwizi, na mwenye uongo atarudi kazini kesho. Akimwandika Halako, wenzake wote watashika sindano, mbuzi watapona, na aliyewanunulia nafuu hiyo kwa ukweli wake ataanza kuzunguka na bahasha, tena bahasha ambayo hakuna ofisi ya serikali itakayoifungua.

Wengine huniambia, mtwike aliyeanza. Wengine, mtwike aliyejua. Wengine, mtwike aliyekubali, maana wengine hawatakubali kamwe. Jana mtu mmoja aliniambia mtwike anayeweza kulibeba bila kuvunjika, na sijui hata huyo ni yupi.

Wino uko tayari, gari linanguruma, jina ni moja. Haya, ninyi mliokula hadithi yangu bure, shikeni kalamu: je, nani alistahili kuandikwa?